NYUMBA YAKO, MIAKA YA SERIKALI

Ndugu msomaji, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema kweli, ila hawakumaliza. Ipo mali ambayo daftari lake lipo, limepigwa mhuri, limetiwa kwenye bahasha ya kaki na kufichwa kabatini chini ya vitenge, na bado inapotea bila habari. Mali hiyo ni nyumba ya mjini. Inapotea kwa sababu kwenye daftari lenyewe imeandikwa tarehe ya mwisho, na hakuna mtu nyumbani aliyepata kuisoma.

Sisi vijana wa Shinyanga tumekua tukisikia wazazi wakitamba: "Hii nyumba ni yangu, nina hati." Ni kweli. Matofali ni yake, bati ni lake, mlango wa mninga ni wake. Lakini udongo ulio chini ya msingi amepewa kwa miaka, ama 33, ama 66, ama 99. Miaka ikiisha anakuwa kama mpangaji aliyemaliza mkataba, hata kama amekaa pale tangu ndevu hazijaota. Wengi wanalijua jambo hili siku wanapotaka kuuza, au kukopa benki, au kurithi. Yaani wanalijua maji yakiwa yamezidi unga.

Nani aliyeanza kutupimia ardhi kwa miaka? Na kwa nini mmoja apewe 33 na mwingine 99? Ukiyafuata maswali haya mawili utaipata historia ya miji yetu, kuanzia Shinyanga na Kahama mpaka Geita kwenye dhahabu. Tuyafuate.

ARDHI YA NTEMI NA ARDHI YA KAIZARI

Huku Usukumani zamani ardhi ilikuwa chini ya ntemi, na wasaidizi wake, banangwa, ndio walioigawa kijijini. Mtu akija na familia yake anaonyeshwa mahali pa kulima na pa kujenga. Akilima, akikaa na wenzake vizuri, pale ni pake na baada yake ni pa wanawe. Akihama, ardhi inarudi kwa wenyeji na anapewa mwingine. Sisemi kwamba kila kitu kilikuwa asali. Watu waligombana, na ntemi naye alikuwa na wapendwa wake. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyemwambia mtu "hapa utakaa miaka 33." Haki ilidumu kwa kutumia ardhi, haikuhesabiwa kwa kalenda.

Kalenda ililetwa na wageni. Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Kaizari wa Ujerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ambayo haina mwenyewe ni mali ya Kaizari, isipokuwa pale mtu binafsi, mtemi au jamii itakapothibitisha kuwa ni yao. Hebu fikiri, ndugu msomaji. Mtu amelala usiku kwenye shamba la babu yake, anaamka asubuhi anadaiwa ushahidi. Na ushahidi aliouelewa Mjerumani ulikuwa karatasi. Walowezi waliuziwa ardhi moja kwa moja, bila mwisho wa miaka, na karatasi zao zilidumu hata baada ya Mjerumani mwenyewe kushindwa vita na kuondoka.

Mwingereza alipokabidhiwa Tanganyika alikuja na mtindo wake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza kwamba ardhi yote ni ya umma na iko mikononi mwa Gavana. Anayetaka kuitumia apewe haki ya kukaa na kuitumia, kwa masharti, kwa kodi, na kwa muda usiozidi miaka 99. Mwaka 1928 sheria ikarekebishwa ili na wenyeji wanaotumia ardhi kwa mila zao wahesabiwe kuwa na haki hiyo. Kuanzia hapo Tanganyika ikawa na watu wa aina mbili: wenye haki ya karatasi yenye tarehe, na wenye haki ya mila isiyo na tarehe wala karatasi. Ya kwanza iliheshimiwa mahakamani na benki. Ya pili iliheshimiwa mpaka siku serikali ilipokitaka kiwanja.

Tukitaka kujua uzito wa hesabu hizi tutazame kwa jirani zetu. Kule Kenya sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ilimpa mlowezi wa Kizungu miaka 99. Walowezi wakalalamika kwamba ni michache. Mwaka 1915 wakapewa 999! Mtu mmoja, tena mgeni, anaandikiwa miaka ambayo vizazi thelathini na zaidi vitazaliwa na kufa. Karibu karne nzima ikapita mpaka Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilipopunguza miaka ya wasio raia na kusema isizidi 99. Kwa hiyo tusidhani miaka hii imetoka mbinguni. Ni watu waliokaa mezani wakaiandika, na wengine wakaja baadaye wakaifuta.

MJI WA RELI, MJI WA MAFUNGU MATATU

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na Shinyanga ikawa mojawapo ya vituo vyake. Mji ukasogea relini, na makao ya zamani yakabaki na jina lake la Kiingereza mpaka leo, Old Shinyanga, mahali palipokuwa na idara ya utafiti wa mbung'o. Pamba ikaja stesheni, maduka yakaota, na pamoja na maduka vikaja viwanja vilivyopimwa.

Miji ya wakati ule ilikatwa mafungu matatu, na hakuna mtoto wa mjini asiyejua majina yake: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Tumezoea kuhesabu tofauti yao kwa ukubwa wa nyumba na miti ya barabarani. Lakini tofauti kubwa ilikuwa kwenye karatasi. Mwenye duka Uhindini alipewa kiwanja kwa miaka mingi na sharti la kujenga nyumba ya kudumu. Mwafrika aliyekuja mjini kutafuta kazi alikodishwa kiwanja kwa mwezi au kwa mwaka, na kwa kuwa alikuwa wa mwezi au mwaka, alijenga kibanda cha miti na udongo. Nani mwenye akili atamwaga saruji kwenye udongo ambao mwakani anaweza kuondolewa? Kisha bwana mkubwa akipita anatazama vile vibanda, anatikisa kichwa, anaandika kwenye ripoti kwamba wenyeji hawajawa tayari kwa nyumba za kudumu. Kwa hiyo wasipewe miaka mingi!

Huo mzunguko ndio ulioifanya Uswahilini iwe Uswahilini. Watu wetu walijua kujenga na fedha za pamba zilikuwepo. Kilichokosekana ni miaka.

UHURU NA KALENDA MPYA

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilitoa pendekezo kwamba watu waanze kumilikishwa ardhi moja kwa moja, waiuze na kuinunua kama shati. Ungetegemea wapigania uhuru washangilie. Hawakushangilia. Mwalimu Nyerere aliandika makala iliyoitwa Mali ya Taifa akipinga. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba katika nchi maskini ukifanya ardhi kuwa bidhaa, maskini ataiuza siku ya njaa, tajiri ataikusanya, na baada ya muda mfupi wananchi watakuwa wapangaji kwenye nchi yao. Ardhi iwe ya wote, mtu apewe haki ya kuitumia.

Ukipenda, kubali hoja hiyo, na ukipenda, ikatae. Mimi nasema ilikuwa na ukweli wake. Ila tazama kilichofanyika kwenye sheria. Mwaka 1963 zile hati za tangu enzi za Wajerumani zisizo na mwisho ziligeuzwa kuwa za miaka 99 kutoka serikalini, kuanzia Julai mwaka huo. Mwaka 1969 ikapitishwa sheria ya kuzigeuza hizo nazo ziwe haki ya kukaa na kutumia ardhi kama nyingine. Ile Sheria ya 1923 yenyewe haikufutwa. Penye Gavana pakawa pa Rais, na mengine yakabaki vilevile. Mwenye ardhi ni yeye kwa niaba yetu, na sisi sote, mkulima na mfanyabiashara, tunakaa kwa ruhusa na kwa muda.

Hesabu kidogo: 1963 ongeza 99 ni 2062. Hati za kundi lile ambazo hazijabadilishwa katikati zitafika mwisho mwaka mmoja. Mtoto anayezaliwa leo atakuwa mtu mzima na ataliona hilo kwa macho yake.

Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Kutwaa Majengo. Majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 yalichukuliwa na serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Jengo lililozidi umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia. Wenye majengo wengi walikuwa Waasia, na wapo waliofunga virago na kuondoka nchini. Wapangaji walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, maana kodi zilikuwa za kukaba koo. Lakini somo moja lilibaki, kwamba hata miaka 99 inaweza kukatwa katikati. Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, na majengo yale mpaka leo ndiyo sura ya katikati ya miji yetu mingi.

Huko vijijini hali ilikuwa ngumu zaidi, maana hawakuwa hata na karatasi ya kukatwa. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilipita Shinyanga. Watu walihamishwa kutoka kwenye mahame ya babu zao na kupangwa kwa mistari kando ya barabara. Ile haki ya mila isiyo na tarehe ikapata tarehe kwa ghafla, nayo ilikuwa siku lori lilipofika.

TUME, MAHAKAMA NA SHERIA YA 1999

Migogoro ilipozidi, Rais Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi mwaka 1991 chini ya Profesa Issa Shivji. Tume ilizunguka nchi ikasikiliza wananchi, ikatoa taarifa mwaka 1992. Pendekezo lake kubwa lilikuwa kwamba mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yasiwe tena kwa Rais na serikali yake peke yao. Serikali haikulikubali. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ilisema jambo zito: haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na mtu hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki kwa kisingizio kwamba hana hati.

Mwaka 1999 Bunge likapitisha sheria mbili, Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, nazo zikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Zinasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, iko chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Zinasema fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Zinasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Lakini juu ya miaka, zimebaki palepale. Hati ya mjini haizidi miaka 99, na inaweza kuwa chini ya hapo. Aliyejenga mahali pasipopimwa anaweza kupewa leseni ya makazi, ambayo huhesabiwa kwa miaka ya vidole vya mkono mmoja.

Basi hapo ndipo tulipo. Tuone maana yake sebuleni kwa mtu.

"IMEISHA NINI, MBONA HAIJACHANIKA?"

Mtaani kwetu kuna mama mjane, mtu mzima, anayejulikana kwa maandazi yake. Mume wake alipata kiwanja, akajenga vyumba sita kidogokidogo, na mwaka 1988 akapewa hati ya miaka 33. Alifariki mwaka 2009. Mama akaendelea kulipa kodi ya ardhi kila mwaka na risiti zote anazo. Mwaka jana mmoja wa wanawe alitaka mkopo wa kununua mashine ya kukoboa mpunga. Benki wakaitazama hati, wakairudisha. Mama akafunga safari kwenda ofisi ya ardhi, na mimi nikaombwa nimsindikize, eti kwa kuwa najua kusoma Kiingereza cha kwenye karatasi.

Afisa alikuwa binti wa umri wetu, mpole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akaifungua ile bahasha, akasoma, akanyamaza kidogo. "Mama, hii hati imeisha."

"Imeisha nini? Mbona haijachanika?"

"Muda wake, mama. Ilikuwa ya miaka 33. Iliisha 2021."

"Lakini kodi nimelipa mpaka juzi. Risiti hizi hapa."

"Nimeziona, mama, na zitakusaidia. Ila kodi ni kodi, na muda ni muda. Halafu jina lililoandikwa humu ni la nani?"

"La marehemu baba yao."

"Basi mama, marehemu hawezi kuomba kuongezewa muda."

Mama alicheka, nasi tukacheka. Tulipotoka nje nikamwona anajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jambo linaloitwa kuhuisha hati ni mambo mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni la ofisini. Unaandika maombi kwa Kamishna wa Ardhi kupitia halmashauri, unaambatisha hati ya zamani, unaonyesha kwamba kodi huna deni na kwamba kiwanja kinatumika kwa kazi iliyoandikwa, unalipa ada, unasubiri. Kabla ya mwaka 2020, zilipoanzishwa ofisi za ardhi kila mkoa, mafaili mengi yalisafiri mbali kufuata sahihi. Sasa safari imepungua. Kwa kawaida aliyetimiza masharti huongezewa miaka. Lakini kuongezewa ukiomba si sawa na kuwa nayo mkononi. Kati ya tarehe ya mwisho na hati mpya hapo katikati huna kitu cha kuonyesha benki, wala mnunuzi, wala mtu mjanja anayekitolea macho kiwanja chako.

Jambo la pili ni la ukoo, na ndilo gumu. Mwenye jina akiwa marehemu, lazima kwanza apatikane msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe, mahakama imteue. Na kikao cha ukoo ndicho kinachoamsha kila kitu kilicholala. Kwa yule mama, wanawe wa kiume walitaka hati mpya iandikwe majina yao wawili. Dada zao watatu wameolewa, wakasema, wana kwao. Mama alikuwa amekaa kimya kwenye mkeka. Akasema: "Vyumba hivi nilibeba maji ya kufyatulia matofali nikiwa na mimba ya huyu wa pili. Nani aliyewaambia mimi sina kwangu?" Kikao kikavunjika. Kilipokaa tena baada ya majuma kadhaa, mama ndiye aliyependekezwa kuwa msimamizi, na mahakama ikamkubali. Majina ya mabinti yamo kwenye orodha ya warithi. Faili la kuhuisha bado linatembea.

Waone hao mabinti, vijana wenzangu. Kama baba yao angehuisha hati akiwa hai na kuandika jina la mama pamoja na lake, kikao kile kisingekuwa na cha kugombania. Miaka 33 ikiisha inamkuta aliyejenga amezeeka au amefariki. Hesabu mwenyewe: anayepata kiwanja ana miaka arobaini, hati inaisha akiwa na 73. Ni kama aliyebuni hesabu ile alipanga kwamba kila nyumba ipite kwenye mlango wa ofisi wakati familia imedhoofika.

FLETI: KUMILIKI SAKAFU NA DARI

Mambo yanakuwa na utata zaidi kwenye ghorofa. Zamani fleti ilikuwa ya kupanga tu, ya Shirika au ya serikali. Mwaka 2008 ikatungwa Sheria Namba 16 ya kumruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo. Unapewa hati ya fleti yako, na pamoja nayo fungu lako katika vitu vya wote, yaani ngazi, paa, mabomba na kiwanja. Shirika la Nyumba la Taifa limeuza fleti na nyumba kwa utaratibu wa namna hiyo sehemu mbalimbali nchini.

Sasa swali. Fleti iko ghorofa ya tatu, wewe unamiliki nafasi kati ya sakafu na dari. Nafasi hiyo imesimama juu ya nini? Juu ya kiwanja kimoja chenye hati moja yenye miaka yake. Fleti haiwezi kuishi zaidi ya kiwanja kilichoibeba. Ukinunua leo fleti ambayo kiwanja chake kimebakiwa na miaka 20, umenunua miaka 20, hata kama rangi ni mpya na vigae vinang'aa. Na mwenye nyumba ya chini anaweza kwenda ofisini peke yake, lakini wenye fleti ishirini wanapaswa kukubaliana kwanza. Yupo atakayesema hana hela, yupo aliyeko Oman, yupo aliyefariki na wanawe wanagombana. Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei ya fleti, uliza kiwanja kimebakiza miaka mingapi.

Huko Uingereza, walikotoka hao waliotuletea mtindo huu, wenye fleti waliteseka na jambo hilihili. Mwenye ardhi alikuwa anasubiri miaka ipungue, kisha anadai fedha nyingi ili aiongeze. Mwaka 1993 Bunge lao likatoa sheria kwamba mwenye fleti anayestahili akitaka kuongeza muda, mwenye ardhi lazima amwongezee miaka 90, kwa malipo yanayokokotolewa kisheria. Mwaka 2024 wakapitisha nyingine ya kuifikisha 990. Tazama walikoanzia na walikofika: kuongezewa muda kumetoka kwenye hisani na kuwa haki ya mwenye nyumba. Na wao ndio walioionja shubiri ya tarehe ya mwisho kuliko wote. Walikodi eneo kubwa la Hong Kong mwaka 1898 kwa miaka 99, wakajenga maghorofa kana kwamba ni milele, na mwaka 1997 wakashusha bendera wakaondoka.

GEITA: KALENDA MBILI JUU YA UDONGO MMOJA

Ukipanda basi kwenda Geita utaikuta hesabu hii imekuwa mbili. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu wakati wa Mjerumani, na mgodi wa zamani ulifanya kazi kuanzia 1936 mpaka 1966. Ulipofungwa, kijiji cha mgodi kilibaki na majengo yake kama ganda la konokono. Ikaja Sheria ya Madini ya 1998, iliyompa mwekezaji mkubwa leseni maalumu ya hadi miaka 25. Leseni ya mgodi mkubwa wa Geita ilitolewa mwaka 1999, na uzalishaji ukaanza mwaka 2000.

Hapo sasa udongo mmoja una wenyewe wawili. Juu kuna mkulima wa mihogo au mwenye nyumba, mwenye haki ya mila au hati. Chini kuna mwenye leseni. Sheria inasema mwenye leseni amlipe fidia mwenye ardhi kabla ya kuitumia. Lakini kabla ya kulipwa, na kabla hata ya kuhamishwa, kuna watu wanaoishi ndani ya bikoni za leseni. Kuongeza chumba wanaogopa, kuuza hawapati mnunuzi, na kuondoka hawajaambiwa. Wamekuwa kama wale wa Uswahilini ya mkoloni, ambao hawajui wamebakiza miaka mingapi, basi wanajenga kwa udongo.

Mchimbaji mdogo naye ana kalenda yake. Leseni ndogo ya uchimbaji kwa sheria ya 2010 ni ya miaka saba, na inahuishwa. Wapo waliochimba duara kwa miaka, wakatia matimba, wakanunua karasha, na leseni ikapita tarehe wakiwa shimoni. Mwaka 1996 kule Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, wachimbaji wadogo waliokuwa wamechimba kwa miaka mingi waliondolewa kwa kuwa karatasi ya eneo ilikuwa na jina lingine. Jasho walikuwa nalo, karatasi hawakuwa nayo.

Kampuni kubwa ina mawakili ambao kazi yao ni kukumbuka tarehe. Miaka kadhaa kabla ya mwisho wameshaandika barua. Mama wa maandazi hana wakili. Nchi ile ile, Rais mdhamini yule yule, lakini mmoja anakumbushwa na mtu anayelipwa mshahara na mwingine anakumbushwa na benki inapomkatalia.

TUFANYE NINI?

Sidai kwamba ardhi iuzwe kama shati. Hoja ya mwaka 1958 bado ina nguvu, na anayebisha aende akaone jinsi mashamba yanavyouzwa kwa bei ya kutupa siku uvumi wa dhahabu unapoanza. Ninadai jambo dogo. Kama ardhi ni yetu sote na Rais ni mdhamini, basi mdhamini mwema humkumbusha mwenye mali. Serikali inajua tarehe ya mwisho ya kila hati iliyoisajili. Imwandikie barua kila mwenye nyumba miaka mitatu kabla. Na aliyetimiza masharti, kuongezewa muda kwake kuandikwe wazi kuwa ni haki, kusiwe jambo la kupiga magoti.

Sisi nasi tuna kazi. Kila mmoja wetu aliyefika darasa la saba anaweza kusoma hati. Jioni moja mwombe mzee bahasha yake kwa adabu, asidhani unamsubiri afe. Tazama vitu vitatu: jina, tarehe ya kuanza, na idadi ya miaka. Jumlisha. Kama jina ni la marehemu, anzeni mirathi sasa wakati bado mnasalimiana. Kama miaka imebaki michache, andikeni maombi kabla haijaisha. Kama jina la mama halimo, ulizeni kwa nini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ukuta, vijana wenzangu, utaujenga kwenye kiwanja cha mtu mwingine.